Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza katika shule za msingi, kisha katika chuo cha ualimu ambako nilimalizia kazi nikiwa mkuu wa chuo. Karibu kila mwaka alitokea mwanafunzi aliyeuliza mtu anawezaje kukifurahia kidonda kwa sababu tu ni kipya. Nilikuwa nikimjibu kwa mifano ya nguo na redio. Leo nimestaafu, miaka sabini nimeipita, na ninao mfano bora zaidi ya ile. Mfano wenyewe ni kamera.

Mwezi Desemba 2024 mjukuu wangu alipanda kutoka Dar es Salaam kuja kutujulia hali hapa Lushoto. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chakula, alitoa simu yake akanionyesha picha ya kamera ndogo nyeusi.

"Babu, kampuni zimerudi kutengeneza kamera za mkanda. Hii inaitwa Pentax 17, imetoka Juni mwaka huu. Ile ya kwako ya Kirusi sasa tuipeleke makumbusho."

"Bei yake?"

"Dola 500, Babu."

Dola 500 za Marekani ni zaidi ya shilingi milioni moja, fedha ambayo mkulima wa kabichi wa huku milimani haioni kila msimu. Nikamwuliza kamera hiyo inapiga picha bora kuliko ya kwangu kwa jambo gani. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Lakini Babu, hii ni mpya."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sipingi kijana kununua kitu akipendacho kwa fedha aliyoitolea jasho. Ninapinga imani iliyojificha ndani ya jibu lake, kwamba kamera ya mkanda iliyotengenezwa baadaye lazima ipige picha bora kuliko iliyotengenezwa kabla. Imani hiyo nimeisikia kwa wapiga picha wa harusi, kwa wauza maduka, na hata kwa walimu wenzangu ambao walipaswa kujua zaidi. Mimi mwenyewe niliiamini siku moja, na nitaeleza hapa chini ilinigharimu nini.

Kwanza tuelewane kamera ni kitu gani. Kamera ya mkanda ni sanduku lenye giza. Mbele lina lenzi inayokusanya mwanga, ndani lina pazia linalofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na nyuma lina mkanda unaoupokea mwanga huo. Sanduku lenyewe lina kazi tatu: kuushika mkanda unyooke, kuzuia mwanga usiotakiwa, na kufungua pazia kwa muda uliopangwa. Likizitimiza kazi hizo tatu, halina jingine la kuiongezea picha. Mengine yote, kama mota ya kuvuta mkanda, kioo cha namba na sauti ya kengele, ni ya kumstarehesha mpigaji.

Hapo ndipo vijana wetu wanapoteleza, na siwalaumu, maana kosa lao lina asili. Wamekulia kwenye simu na kamera za kidijitali. Katika vyombo hivyo kipokea mwanga kimejengwa humo humo ndani, kwa hiyo ukinunua chombo kipya unanunua na kipokea mwanga kipya, na ni kweli kwamba vipokea mwanga hivyo vimeboreka sana mwaka hadi mwaka. Kijana akitoka huko akaja kwenye mkanda, huja na hesabu zake zilezile. Lakini hesabu haziwi zilezile. Katika kamera ya mkanda, kipokea mwanga ni mkanda wenyewe, nao hununuliwa dukani kila mara kwa bei ile ile, mnunuzi awe na kamera ya babu yake au ya juzi. Leica ya kwanza ya mwaka 1925 ilichora picha ya milimita 24 kwa 36. Nikon F ya 1959 ilichora kipimo hicho hicho. Nikon F6, iliyotoka 2004 na kubaki ikitengenezwa hadi 2020, ilichora kipimo hicho hicho. Mkanda haujui umetiwa katika sanduku la mwaka gani.

Tena nitasema jambo ambalo wengi hawajalifikiria. Mkanda wenyewe umeboreka. Kodak walipoleta mikanda ya T-MAX mwaka 1986, chembe za fedha ndani yake ziliundwa bapa, na picha zikawa laini zaidi kwa kasi ile ile ya kupokea mwanga. Mikanda ya rangi nayo iliboreshwa mara kadhaa baada ya hapo. Maana yake ni kwamba kamera yangu, ambayo ni Zenit E ya miaka ya 1970, leo inaweza kupiga picha safi kuliko siku ile ilipotoka kiwandani Krasnogorsk karibu na Moscow. Haikubadilishwa hata msumari mmoja. Chakula kilibadilika, sufuria ikabaki ile ile.

Lakini mtu mwadilifu hashindi hoja kwa kuficha nusu ya ukweli, basi sasa niseme juu ya lenzi, maana huko maendeleo yapo.

Kioo cha kawaida kisichopakwa kitu hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya mwanga kila mahali kioo kinapokutana na hewa. Lenzi mashuhuri ya Tessar, iliyobuniwa kwa Zeiss mwaka 1902, ina vipande vinne vya kioo, viwili kati yake vimegandishwa pamoja, hivyo ina nyuso sita zinazokutana na hewa. Piga hesabu, utaona zaidi ya asilimia 20 ya mwanga inapotea njiani. Tena haupotei wote kimya kimya. Sehemu yake huzungukazunguka ndani ya lenzi na kuangukia mkandani kama utusitusi wa maziwa, weusi ukafifia ukawa kijivu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza kurudi huko kwa mwanga. Mnamo 1971 kampuni ya Pentax ilianza kuuza lenzi zenye tando nyingi juu ya uso mmoja, na mwanga unaorudi ukapungua mno.

Faida hiyo ni ya kweli. Bila tando hizo lenzi ya kuvuta, ile inayoleta karibu na kupeleka mbali, isingewezekana kwa namna tuijuayo, maana yaweza kuwa na nyuso 24, na kwa kioo kitupu zaidi ya nusu ya mwanga ingeishia njiani. Kompyuta nazo ziliwaondolea wachoraji wa lenzi kazi ya kupiga hesabu kwa mkono miezi na miezi. Mtu akiniambia lenzi bora ya leo inashinda lenzi bora ya 1935 ikifunguliwa wazi kabisa, au ikielekezwa kwenye jua, nitamwambia amesema kweli. Swali langu ni jingine. Inashinda kwa kiasi gani, katika picha zipi, na je, wewe ndizo picha unazopiga?

Swali hilo hatukuliacha hewani. Mjukuu wangu aliazima kwa rafiki yake Canon EOS 300, kamera ya mkanda iliyoanza kuuzwa 1999, inayojilenga yenyewe, pamoja na lenzi yake ya kuvuta ya milimita 28 hadi 80. Mimi nikachukua Zenit yangu na lenzi yake ya Helios ya milimita 58. Lenzi hiyo si ya Warusi kwa asili. Ilifuata mchoro wa Biotar wa Zeiss wa miaka ya 1930. Tukanunua mikanda miwili ya namna moja, nyeusi na nyeupe. Kwa siku mbili tukapiga kila kitu mara mbili, mahali pamoja na kwa saa moja: bonde la Mazinde kutoka Irente, ukungu wa asubuhi kwenye msitu wa Magamba, sokoni, watoto wakicheza mpira, bibi yake akipepeta mchele karibu na dirisha la jiko. Mikanda tukaisafisha wenyewe stoo kwangu, usiku, kwa mashine ya kukuzia picha niliyoinunua chuo kilipouza vifaa chakavu.

Nikazichanganya picha bila alama mbele, nikaandika nyuma kwa penseli, nikawaita wastaafu wenzangu watano waje kunywa chai. Nikawaambia wazigawe mafungu mawili, za kamera mpya na za kamera ya zamani.

Katika picha ya jua likichwea Irente hawakukosea hata mmoja. Ya Zenit ilikuwa na utusitusi kama shuka lililofuliwa kwa maji machafu, na ya Canon ilikuwa safi. Katika picha ya watoto na mpira pia walijua, kwa sababu Zenit haina pazia la haraka kuliko sehemu moja ya 500 ya sekunde, na vidole vyangu vya uzee havikuwahi kulenga. Nilipata miguu na vumbi. Hizo ni mbili, na kamera mpya inastahili kupewa.

Katika zilizobaki walibahatisha. Ukungu wa Magamba wote watano waliugawa kinyume. Picha za sokoni walibishana mpaka chai ikapoa. Ile ya bibi na ungo dirishani wote waliipenda ya Zenit, wakadhani ndiyo ya kamera mpya. Sababu yake si muujiza. Lenzi ya Helios hufunguka zaidi, ikaingiza mwanga zaidi ya mara nne ya ile ya kuvuta kwa umbali ule, kwa hiyo nilipiga kwa mwanga wa dirisha. Kamera mpya iliona giza, ikajiwashia taa yake, ikaupaka ukuta na uso wa bibi weupe mmoja. Yaani lenzi ya hesabu za miaka ya 1930 ilishinda lenzi ya 1999, kwa kuwa ya kwanza ilitengenezwa kwa kazi moja na ya pili ilitengenezwa iwe nyepesi, iwe rahisi, na ifanye kazi nyingi.

Nisieleweke vibaya. Siko upande wa wale wapya wanaoabudu vya kale. Wapo siku hizi wanaosema lenzi za zamani zina roho, na wanaitafuta Helios hii kwa sababu ikifunguliwa wazi mandhari ya nyuma huzunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa. Ndugu msomaji, hilo ni kosa la lenzi. Nilipoinunua kamera hii mwaka 1978 kwa kijana aliyerudi kusoma Moscow, mtu akiona mzunguko ule alikupa pole. Kosa halibadiliki kuwa adabu kwa kuwa limezeeka. Tena Zenit haikuwa kamera bora hata kwa wakati wake. Ni nzito kama jiwe la kusagia, karibu kilo moja, ina kasi tano tu za pazia ukiacha ile ya mkono, na tundu la mwanga lazima ulibane mwenyewe kabla ya kupiga. Leica M3 ya 1954 na Nikon F ya 1959 ziliipita mbali. Kamera mbaya za zamani zilikuwa nyingi kuliko nzuri. Tunaona nzuri kwa sababu mbaya zilikwisha tupwa.

Sasa nieleze kidonda changu.

Mwaka 1995 wenzangu walinicheka kwa kubeba jiwe. Walisema mkuu hawezi kwenda kwenye mahafali na kamera ya vita. Nikatumia fedha yangu ya likizo kununua kamera ndogo ya kujiendesha yenyewe, inayovuta mkanda, inayolenga, inayowasha taa, na yenye lenzi ya kuvuta. Jina la kampuni halina maana hapa, kwa kuwa za namna hiyo zilikuwa nyingi na zilifanana. Zenit nikaiweka kabatini.

Pasaka ya 1996 mama mkubwa alikuja kutoka Mlalo kumwona mdogo wake, yaani mama yangu. Walikuwa hawajaonana karibu miaka miwili, kwa kuwa miguu ya wote wawili ilikuwa imechoka na milima yetu haimwonei mzee huruma. Niliwakalisha bega kwa bega kwenye benchi nje ya nyumba. Mama mkubwa akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri. Nyuma yao kulikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde paa la bati la jirani. Nikavuta lenzi mpaka mwisho ili nyuso zijae, nikabonyeza. Kupitia kile kidirisha kila kitu kilionekana safi. Nikapiga moja tu, kwa sababu mkanda ulikuwa ghali na kwa sababu niliiamini mashine.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa Tanga, mistari ya bati la jirani ng'ambo ya bonde ningeweza kuihesabu. Nyuso za mama zangu zilikuwa mabonge mawili ya ukungu.

Baadaye nilielewa kilichotokea, na ni vema kila mtu akielewe. Kamera zile hupima umbali kwa kutoa mwali usioonekana katikati ya picha na kusubiri urudi. Watu wawili wakikaa sambamba, katikati yao pana pengo. Mwali ukapita katika pengo, ukaenda zake bondeni, na kamera ikaamua kwamba ninapiga picha ya milima. Kijitabu chake kilieleza dawa: umlenge mtu mmoja, ubonyeze nusu, ushikilie, kisha ugeuze kamera upange picha yako. Nilikisoma kijitabu hicho baada ya msiba, kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu na ninaibeba. Lakini nusu ya pili ni ya kile kidirisha. Zenit hukuonyesha kile ambacho lenzi yenyewe inakiona. Kama nyuso zina ukungu, unauona ukungu kabla hujabonyeza. Kamera mpya ilikuwa na tundu lake la pembeni la kuchungulia, lisilopitia kwenye lenzi, na tundu hilo lilinionyesha mambo shwari huku ndani mambo yameharibika.

Mama mkubwa alifariki mwaka huohuo. Mama alimfuata 1998. Picha nyingine ya wawili hao pamoja haipo.

Ile kamera nayo haikuchelewa. Mwaka 2001 lenzi yake ilitoka nje ikakataa kurudi. Nikaipeleka kwa fundi Tanga, akaifungua, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, humu ndani ni karatasi za umeme tupu, na spea hakuna." Zenit niliyoitoa kabatini pazia lake lilikuwa zito. Fundi saa, mtu ambaye hajawahi kuuza kamera maishani mwake, aliisafisha kwa petroli kidogo na bisibisi ndogo, na inapiga hadi leo.

Wenye hoja za kinyume nimewasikia, na ninawajibu.

Wa kwanza husema kujilenga kwa kamera ni rehema kwa wenye macho mabovu. Kweli. Tangu Minolta 7000 ilipotoka mwaka 1985 na kuifanya kazi hiyo vizuri, wapiga picha wa mpira na wa magazeti wamepata faida kubwa, na mimi mwenye miwani siwezi kuikana. Lakini hiyo ni faida ya mpigaji. Uso uliolengwa sawasawa kwa mkono hauzidiwi na uliolengwa sawasawa kwa mota.

Wa pili husema vya zamani vinaoza. Kweli tena, na hapa Usambara ni kweli zaidi. Unyevu wa milima hii huotesha kuvu ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na kuvu hiyo ikiachwa hula hata utando wa kioo. Vipima mwanga vya zamani hufa. Cha Zenit yangu, kisichohitaji betri, kilikufa siku nyingi. Kamera nyingine za miaka ya 1960 zilitegemea betri za zebaki zilizokwisha kupigwa marufuku kwa sababu ya sumu yake. Mimi natumia kanuni tuliyofundishwa: jua likiwa wazi, bana tundu kwenye 16, na pazia liwe karibu na namba ya mkanda, mkanda wa 100, pazia la 125. Ukungu ukishuka, fungua hatua mbili au tatu. Kanuni hiyo haioti kuvu.

Wa tatu husema kampuni haziwezi kuhangaika kutengeneza vipya kama vipya havina faida. Huyu anastahili jibu refu, lakini nitalifupisha. Faida ipo, ila uliza ni ya nani. Mwaka 1987 Canon walipoleta kamera zao za EOS walibadilisha mlango wa kushikia lenzi, na lenzi zote za zamani walizouza kwa miaka mingi zikakataa kuingia. Kitaalamu walikuwa na sababu, maana mlango mpya ulifaa kwa mota. Lakini aliyekuwa na lenzi nne nzuri alijikuta hana hata moja kwa kamera mpya. Nikon waliushika mlango wao wa 1959 kwa miongo mingi na bado wakaleta kamera za kujilenga. Kwa hiyo hata jambo hilo halikuwa lazima liende njia moja.

Narudi sasa kwenye ile Pentax 17 ya dola 500, ambayo kwa mjukuu wangu ilikuwa mwisho wa ubishi. Nilimwomba anisomee simuni maelezo yake, neno kwa neno. Mkanda unavutwa kwa mkono, kwa kile kiwiko cha chuma tulichokizoea. Kulenga ni kwa kukadiria umbali, kwa kuzungusha alama za milima na watu. Picha yake ni milimita 17 kwa 24, yaani nusu picha, jambo lililoenezwa na Olympus Pen ya 1959. Lenzi yake ina vipande vitatu vya kioo. Mtindo wa vipande vitatu ulisajiliwa Uingereza na H. Dennis Taylor mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Mombo chini yetu hapa mwaka 1905.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, huoni? Mafundi wa Japani wa 2024, wenye kompyuta na ujuzi wote, walipokaa kutengeneza kamera mpya ya mkanda, walirudi kuchukua kiwiko, alama za umbali na vioo vitatu."

"Lakini Babu, utando wa lenzi ni wa kisasa."

"Huo nakubali. Mengine?"

"Picha 72 kwa mkanda wa 36."

"Huo ni ubahili mzuri, nakubali pia. Lakini kila moja ni chini ya nusu ya yangu kwa ukubwa. Na betri ikiisha Mtae, siku ya ukungu, inapiga picha?"

Akasoma tena. Haipigi.

Picha za kale zetu zenyewe zinatosha kuwa mashahidi. Walther Dobbertin alikuja nchini mwaka 1906, wakati mji huu wa Lushoto ukiitwa Wilhelmstal, akapiga picha ambazo leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani, na mtu anaweza kuona vifungo vya askari. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na nyuso alizozichora kwa mwanga hazijapitwa na mtu yeyote mwenye kamera inayojilenga. Sisemi walikuwa na lenzi bora kuliko za leo. Walikuwa na vipande vikubwa vya kupokea mwanga, walikuwa na subira, na walikuwa wakitazama.

Basi kijana anayetaka kamera ya mkanda afanye nini? Aanze na kazi, kisha aende kwenye chombo. Kama anapiga michezo, anunue inayojilenga, hata ya 1990, na asilipe zaidi. Kama anapiga nyuso na nyumba na milima, anunue ya mkono iliyo nzima. Aishike lenzi kwenye mwanga atazame kama ina nyuzi za kuvu. Afungue mgongo wa kamera, apige bila mkanda kwa kasi ndogo na kubwa, asikilize kama pazia linabadili sauti. Aulize kama kuna fundi aliye karibu anayeweza kuifungua. Kisha fedha iliyobaki, nayo itabaki nyingi, anunue mikanda. Mikanda thelathini itamfundisha kupiga picha. Kamera mpya na mkanda mmoja vitamfundisha kuvaa kamba shingoni.

Mjukuu wangu hakuinunua ile Pentax. Alishuka Mombo Januari na Zenit yangu katika mkoba, akilalamika uzito. Nilimpa kwa sharti moja. Kwenye sebule yangu ile picha ya 1996 bado imetundikwa, bati safi na nyuso za ukungu, na wageni huniuliza mbona sikuitupa. Nilimwambia akirudi aniletee picha ya bibi yake na dada wa bibi yake, wamekaa bega kwa bega, na macho yao yaonekane.

Na msomaji ambaye bado anaamini kwamba kipya lazima kishinde, namkaribisha Lushoto. Chai ipo, mashine ya kukuzia ipo. Aje na picha zake tuzichanganye mezani, ila risiti ya dukani aiache nyumbani.